Mama yake alifariki, sasa shemeji anataka kumchukua: binti wa kidato cha pili abaki na baba?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Muleba. Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Mtoto wetu wa kwanza ni wa kike, ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Wa pili ni wa kiume, miaka 10, na wa mwisho ni wa kike, miaka 5. Mimi nanunua dagaa mwaloni na kuwauza gulioni, kwa hiyo siku nyingi natoka nyumbani saa tisa usiku. Baada ya msiba bibi yao alikaa nasi mpaka mwaka ulipoisha, kisha akarudi kwake. Huyu binti darasa la saba alifaulu vizuri, lakini sekondari amekuwa wa mwisho mwisho. Mwalimu wa darasa ameniita akasema anachelewa, anasinzia, na kila mwezi anakosa siku mbili tatu. Sasa mama yake mdogo aliyeko Mwanza anataka kumchukua akaishi naye. Wazee wanasema mwanamume hawezi kulea binti, na kwamba mtoto wa mzazi mmoja hafiki mbali kimasomo. Wengine wananiambia nioe tu. Je, ni kweli wanayosema? Nimpeleke Mwanza?

JIBU: Baba, pole sana kwa kuondokewa na mwenzio, na pole kwa kulea peke yako huku kila anayepita mlangoni ana ushauri. Kuhusu Mwanza jibu langu ni hapana, angalau kwa mwaka huu. Nitafika huko. Kwanza nataka turudi kwenye sentensi moja uliyoipitia haraka katika barua yako: bibi yao alikaa nanyi mpaka mwaka ulipoisha.

Angalia mambo yalivyofuatana. Mama alifariki. Miezi michache baadaye binti akakaa kwenye chumba cha mtihani wa darasa la saba, akafaulu vizuri. Desemba bibi akaondoka. Januari binti akaanza kidato cha kwanza, na tangu hapo anashuka. Kama kilichomwangusha ni kukosa mama peke yake, mtihani ule wa darasa la saba ndio ungeharibika, maana kidonda kilikuwa bado kibichi. Kilichopungua Januari ni mtu mzima wa pili ndani ya nyumba: wa kuwasha moto alfajiri, wa kumvalisha mdogo, wa kujua sukari imebaki kiasi gani. Bibi aliondoka, kazi zake zikabaki. Zimemwangukia msichana wa miaka 14, na wewe huzioni zikifanyika kwa sababu saa hizo uko mwaloni.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na mengine nitakayosema yanatoka humo. Binti yako ameishiwa saa.

Sasa turudi kwa wazee wako. Hawajatunga uongo, ila wamesema nusu ya jambo. Na mkoa wako wa Kagera ni mojawapo ya mahali Afrika ambako suala hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko mwaka 1983, na watu wazima walipoanza kufa kwa wingi, watafiti wakaamua kufuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa huo kuanzia 1991 hadi 1994. Mwaka 2004 wakawatafuta tena watu walewale, hata waliokwisha kuhama. Walichokuta ni kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alikuja kuwa na upungufu wa takribani mwaka 1 wa masomo, na urefu wake utu uzimani ulipungua kwa kama sentimita 2. Huo ni wastani, na wastani haumtabirii mtoto mmoja mmoja, lakini nisingekutendea haki kukwambia kwamba kufiwa na mama hakuna gharama shuleni. Ipo.

Kinachonivutia zaidi ni uchunguzi mwingine uliotumia takwimu hizohizo za Kagera kwa watoto wa shule ya msingi. Watafiti wake waliuliza swali la kizamani kabisa: mtoto yuko shuleni kwa saa ngapi? Wakakuta kwamba watoto waliokwisha kuandikishwa hawakuacha shule kwa sababu ya msiba. Majina yalibaki kwenye daftari la mahudhurio. Ila wasichana, mara tu baada ya kufiwa na mzazi, walipunguza sana saa zao za kuwa shuleni. Ndiyo maana tatizo hili halionekani kirahisi. Ukimuuliza mtendaji wa kijiji kama binti wa fulani anasoma, atakwambia anasoma. Sare anayo, jina lipo. Saa ndizo hazipo.

Kuhusu mzazi mmoja kwa ujumla, kuna utafiti wa miaka ya 1990 uliolinganisha nchi 7 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Ulikuta kwamba watoto wa kaya zinazoongozwa na wanawake walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa shuleni kuliko watoto wa kaya zinazoongozwa na wanaume wenye hali ileile ya maisha. Na katika nchi zetu kaya hizo nyingi ni za wajane, za waliotalikiwa, na za akina mama ambao waume zao wako mbali. Kama idadi ya wazazi ndiyo ingeamua kila kitu, matokeo yangekuja kinyume. Ninavyousoma mimi, anayeshika pesa na kupanga kazi za nyumba ndiye anayeamua shule ikae namba ngapi. Mama lishe asiye na mume huiweka namba moja, mara nyingi kwa sababu yeye mwenyewe ilimkosa. Kwenye nyumba yako mshika pesa na mpanga kazi ni wewe. Sijaona popote palipoandikwa kwamba mwanamume hawezi kufanya anachofanya mama lishe.

Nakuomba jambo moja kabla ya yote. Chagua siku moja ya katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, usiende mwaloni. Amka saa yako ileile, lakini kaa tu nyumbani utazame. Usimsaidie binti, usimuulize kitu. Tazama.

Kwa nyumba za namna yako ninazozifahamu, utaona hivi. Saa kumi na nusu au kumi na moja alfajiri ameshaamka. Anakwenda kuchota maji, anarudi, anawasha moto, kuni mbichi zinamsumbua. Anapika uji, anaupoza wa mdogo. Mdogo anaamka analia, amelowesha shuka, shuka linaanikwa. Kaka wa miaka 10 anatafuta kiatu kimoja. Saa moja imefika na yeye bado hajavaa. Shule ya kata iko mwendo wa saa nzima. Wenzake wanaingia kipindi cha kwanza yeye bado yuko njiani, na akifika getini anaadhibiwa kwa kuchelewa, anafagia au anapalilia, ndipo aingie. Vipindi viwili vya dakika 40 vimekwenda. Waulize walimu ratiba yao. Shule nyingi huweka hisabati asubuhi wakati vichwa bado vyepesi. Akichelewa siku nne kwa wiki, huenda amesoma hisabati siku moja tu. Usishangae alama zake.

Jioni je? Anarudi saa kumi au kumi na moja, jiko linamsubiri. Ndizi hazijamenywa, maharage hayajaanza kuchemka, vyombo vya asubuhi viko vilevile. Anamaliza saa tatu usiku. Hapo ndipo anatakiwa afungue daftari la baiolojia lililoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo shule ya msingi alikuwa anaisoma kama somo moja tu kati ya mengi. Wazazi wengi hawalitilii maanani hili. Kidato cha kwanza na cha pili ndipo mtoto wa shule ya serikali anapobadilisha lugha ya kufundishiwa, na mabadiliko hayo yanahitaji muda wa kukaa na kamusi, kurudia, kuuliza. Mwenye saa mbili za usiku anavuka. Asiye nazo anaanza kunakili ubaoni asichokielewa, na mwisho anasinzia, kwa sababu kusinzia ni afadhali kuliko kukaa macho bila kuelewa.

Ukishaona hayo kwa macho yako, mengine utayapanga mwenyewe vizuri kuliko mimi. Lakini nitakuachia mawazo machache.

Anza na huyu mdogo wa miaka 5. Umri wake ni wa darasa la awali. Kama hajaandikishwa, mwandikishe shule ileile ya msingi anayosoma kaka yake, waende pamoja na warudi pamoja. Mkubwa anakuwa ametuliwa mzigo mkubwa wa asubuhi. Pili, kijana wa miaka 10 ana mikono. Anaweza kuchota maji, kuosha vyombo, kumenya ndizi. Najua kuna wazee watakaoguna wakimwona mtoto wa kiume amekaa na kisu na mkungu, waache wagune. Wewe mwenyewe ukirudi mchana kutoka gulioni unaweza kubandika maharage. Mtoto anayekuta maharage yameiva amepata saa moja na nusu ya kusoma ambayo hakuna twisheni itakayompa.

Tatu, tafuta mtu wa alfajiri. Zungumza na bibi kwanza. Pengine hawezi kuhamia tena, ana shamba na ana nyumba yake, lakini wiki za mitihani anaweza. Kama hapana, tafuta mama jirani mtu mzima, mpatane malipo ya mwezi aje saa kumi na moja, apike uji, ahakikishe wadogo wametoka. Sehemu ya malipo inaweza kuwa dagaa. Ila nakuomba kitu kimoja kwa msisitizo: usilete msichana wa kazi wa miaka 13 kutoka kijiji cha jirani. Utakuwa umemwokoa binti yako kwa kumtoa binti wa mwenzio darasani, na hili tunalifanya sana bila kujisikia vibaya.

Na kama biashara inaruhusu, tafuta mwenzako mmoja mnayeaminiana mpokezane zamu ya mwaloni, yeye anunue kwa niaba yenu wote siku mbili za wiki, wewe siku nyingine mbili. Faida itapungua kidogo. Wewe ndiye unayeijua hesabu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo halina gharama. Siku za matanga, wageni walipokuwa wanaaga, nina karibu hakika kuna watu waliomshika binti yako mkono wakamwambia, "Sasa wewe ndiye mama wa hawa wadogo." Huwa tunasema hivyo kwa nia njema kabisa, tunadhani tunamtia moyo. Mtoto wa miaka 12 analichukua neno lile kama agizo. Ndiyo maana hajakulalamikia hata siku moja. Nimekaa na wasichana wengi wa hali hii katika ofisi ya malezi, na mara nyingi hawalii wanapozungumzia kazi za nyumbani. Wanalia wanapoulizwa kama wana haki ya kuchoka. Kwa hiyo mwite, wadogo zake wakiwa wamekaa hapohapo wanasikia, umwambie waziwazi kwamba mzazi wa nyumba hii ni wewe, yeye ni mtoto wa kwanza, na kazi yake ya kwanza ni shule. Wadogo wasikie, maana ndio wanaomwita "dada nipe" kutoka alfajiri mpaka usiku.

Sasa zile siku mbili tatu za kila mwezi. Umeziandika kama kitendawili, lakini nadhani umeshalijua jibu, umeona aibu tu kuliandika. Ni hedhi. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka 12, pengine kabla hata haijaanza, na nyumbani hakuna mwanamke mtu mzima. Anatumia nini? Vipande vya kitenge? Kuna maji ya kutosha kwenye choo cha shule, kuna mlango unaofungwa? Msichana anayeogopa kuchafua sketi mbele ya wavulana arobaini atabaki nyumbani, na wewe ungebaki.

Pedi dukani zinauzwa kama shilingi elfu mbili au tatu pakiti moja. Zinunue wewe. Usimpe hela akanunue kwa mwenye duka kijana anayemtania. Ziweke kwenye kabati au sanduku lake, na mwezi ujao ziwepo tena bila kuombwa. Huna haja ya kutoa hotuba. Kama mfuko hauruhusu kila mwezi, ziko pedi za kitambaa za kufua na kuanika juani, zinadumu. Walimu wa malezi huwa wanajua zinakopatikana. (Serikali iliwahi kuziondolea taulo za kike kodi ya ongezeko la thamani katika bajeti ya 2018/19, bei dukani haikushuka kama ilivyotarajiwa, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa. Kwa hiyo usisubiri ahueni kutoka huko.)

Mazungumzo yenyewe, yale ya mwili na ya wavulana, mwachie shangazi yake. Umemtaja mama mdogo wa Mwanza, lakini hukutaja hata dada yako mmoja. Hapo kwenu shangazi ndiye aliyekuwa anamkalisha msichana akamweleza mambo, na sioni kwa nini utaratibu huo ufe. Mlete akae Jumamosi moja. Lakini pedi zitoke kwako, kwa sababu hii: elfu mbili ya pedi isiyotoka kwa baba itatoka kwa mtu mwingine. Itatoka kwa kijana wa bodaboda anayempa lifti akichelewa, na binti yako anachelewa kila siku. Umeona jinsi mambo yanavyoungana?

Najua hofu ya mimba ndiyo inayomsukuma kila mmoja anayekushauri, hata kama hawaitaji. Hofu hiyo ina msingi. Takwimu za afya za taifa za 2015/16 zilionyesha asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Mwaka 2022 ikashuka hadi 22, ambayo bado ni zaidi ya mmoja katika watano. Sheria iko upande wako: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mimba mwanafunzi au kumuoa anaweza kufungwa miaka 30. Na hata likitokea la kutokea, tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Wengi huko vijijini bado wanadhani ukishapata mimba ndiyo basi. Kinachomkinga mtoto kabla ya kufika huko ni kutohitaji vijisenti vya mtu na kutokuwa barabarani peke yake kila asubuhi akiwa amechelewa.

Nenda shuleni. Nenda wewe mwenyewe, usisubiri kuitwa tena. Mwone mkuu wa shule na mwalimu wa malezi, waambie mama wa mtoto huyu alifariki, nyumbani ni mimi tu, na ninapanga upya asubuhi yetu. Nipeni wiki tatu. Huenda hawajui. Faili lina jina la baba na la mama, hakuna anayeandika kwamba mmoja hayupo. Omba katika wiki hizo asiadhibiwe kwa kuchelewa kwa kukoseshwa kipindi. Ukisikia anachapwa, ujue kwamba kwa kanuni viboko haviwezi kuzidi vinne, ni lazima viwe kwa idhini ya mkuu wa shule, na mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike. Sikwambii ukagombane, sema tu unajua. Uliza pia kama shule ina hosteli. Hosteli za shule za kata huendeshwa kwa michango ya wazazi, mahindi, maharage na pesa kidogo, na kumweka hata muhula mmoja kabla ya mtihani wa Novemba kunaweza kumrudishia yale yaliyopotea. Lakini usimpeleke hosteli kabla hujapata mtu wa alfajiri, la sivyo atakuwa anatoroka usiku kuja kuangalia wadogo zake. Hilo nimeliona.

Novemba hiyo ina uzito. Upimaji wa kidato cha pili si jaribio la mwisho wa muhula. Asiyefikia kiwango hurudia kidato. Kurudia kwa msichana wa miaka 15 ambaye tayari anafanya kazi za mama wa nyumba mara nyingi ni hatua moja kabla ya kuacha kabisa. Ada haipo, serikali iliiondoa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na cha sita ikafuata mwaka wa fedha 2022/23. Lakini hata shule isiyo na ada inadai sare, madaftari, mchango wa chakula cha mchana. Kama hapo kwenye chakula unadaiwa, lipa hilo kwanza. Anayeshinda na uji wa saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi jioni hasikii kitu baada ya mchana.

Sasa Mwanza.

Sina sababu ya kumshuku shemeji yako. Mama mdogo ni damu ya karibu, na tafiti za yatima katika nchi kadhaa za Afrika zimeonyesha kwamba kadiri mlezi alivyo karibu kiundugu na mtoto, ndivyo mtoto anavyokuwa na nafasi nzuri ya kuwa shuleni. Angekuwa binamu wa mbali ningekwambia hapana bila kumeza mate. Lakini undugu peke yake hautoshi, na maswali ya kuuliza unayajua. Nyumba hiyo ina watoto wadogo? Ana biashara ya chakula au duka? Nani anapika sasa hivi, na akifika binti yako nani atapika? Atalala chumba gani, na nani mwingine analala humo? Amesema atasoma shule gani, au amesema "atasoma tu"? Ukisikia "atasoma tu", ujue shule bado haijatafutwa, ila jiko linajulikana liliko.

Wapo wasichana wengi waliochukuliwa na ndugu kwa ahadi ya kusomeshwa wakaishia kuwa wasaidizi wa kazi wasiolipwa. Mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya. Anafika mwezi wa kumi na mbili wakati wa likizo, anasaidia kidogo, uhamisho unacheleweshwa, muhula unaanza, "tutashughulikia wiki ijayo", na Machi bado anauza vitumbua. Uhamisho unaotambulika ni ule uliopita kwa wakuu wa shule zote mbili na usajili wake ukahamishwa. Usiruhusu begi lifungwe kabla karatasi hiyo haijawa mkononi. Na kumhamisha katikati ya kidato cha pili, kwenda shule yenye walimu wapya, mji mpya, wadogo zake hawapo, huku mtihani uko miezi michache mbele, ni kumwongezea msiba wa pili. Mama ameshampoteza. Akipotea kwako, wale wawili watapoteza mama mara mbili.

Zaidi ya hayo, ulimuuliza mwenyewe? Barua yako inataja wazee, mwalimu, shemeji na majirani. Yeye hayumo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na hata bila sheria, miaka 14 anajua anachokitaka. Akisema anataka kwenda Mwanza, usikasirike; muulize anakimbia nini. Ukisikia "nimechoka", rudi kwenye mambo ya maji na uji. Ukisikia jambo jingine, mtu anayemsumbua njiani au jamaa anayekuja nyumbani ukiwa mwaloni, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au mpigie simu 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Maana kumbuka, tangu saa tisa usiku nyumba yako ina watoto watatu peke yao, na kila mtu kijijini anajua.

Kuoa: oa siku utakapompata mwanamke unayetaka kuishi naye. Ukioa ili upate wa kupika uji, yeye atalijua hilo ndani ya wiki mbili, na watoto watalijua kabla yake.

Shemeji usimkatalie kwa ukali, utamhitaji. Mpigie, umshukuru kwa kumkumbuka mtoto wa dada yake, mwambie mwaka huu ana mtihani na hutaki kumhamisha katikati. Kisha mwombe vitu viwili: Desemba, matokeo yakisubiriwa, binti aende Mwanza akapumzike likizo, kwa tarehe ya kwenda na ya kurudi, na kuanzia sasa ampigie simu kila Jumapili jioni, wazungumze wao wawili, wewe ukiwa nje. Akikubali hayo mawili na tarehe ya kurudi ikaheshimiwa, wazo la kidato cha tatu mnaweza kulizungumza Januari mkiwa na karatasi ya matokeo mezani na yeye mwenyewe amekaa nanyi.